Kadi za mikao ya picha za ziada za matiti: shajara ya mradi

Shajara hii ni ya mtu anayefanya kazi kwenye chumba cha mamografia, yaani eksirei ya matiti, na amechoka kurudia picha. Tunatengeneza kadi za kutundika kando ya mashine, zimwongoze mtaalamu wa eksirei pale daktari anapoomba picha zaidi ya zile mbili za kawaida kwa kila titi: ya kutoka juu, tunayoiandika CC, na ya mshazari, MLO. Hizo mbili kila mtu anazijua. Shida inaanza zinapokuwa hazikutosha. Herufi za mikao nimeziacha zilivyo, maana ndizo tunazozibandika kwenye picha. Atakayetaka kunakili anakili, ila asome kwanza sehemu zilizogonga mwamba.

Februari 4: Picha zilizorudiwa

Kabla ya kuchora chochote tulipitia picha za ziada zilizowahi kurudiwa na sababu zake. Ngozi iliyojikunja, chuchu iliyoangalia pembeni, kutikisika: hayo tuliyategemea, na dawa yake inajulikana. Kilichotushangaza ni wingi wa picha nzuri kabisa, zimebanwa vizuri, hazina ukungu, ila kile kilichotafutwa hakimo. Kibanio, bamba la mashine linalobana titi, kilishuka kando yake. Kundi la pili lilikuwa na kitu chenyewe ndani, lakini pembe ilikuwa ileile ya picha ya mwanzo, kwa hiyo daktari aliambulia alichokwisha kukiona.

Kila picha ya namna hiyo ina gharama mbili. Ya kwanza ni mionzi. Kikomo kinachotumika Marekani ni miligrei 3 (miligrei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa) kwa picha moja ya fantomu, kifaa cha majaribio kinachowakilisha titi lenye unene wa sentimita 4.2 likibanwa. Si mzigo mkubwa, lakini hakuna sababu ya kuutumia bure. Ya pili ni mwanamke mwenyewe. Ameshaambiwa picha zake zinahitaji kuangaliwa tena, amekuja na hofu yake, halafu anasikia "tunarudia kidogo". Hapo mabega yanapanda na misuli ya kifua inakaza, na picha inayofuata inakuwa ngumu kuliko iliyoharibika.

Februari 18: Kadi za kwanza zatupwa

Toleo la kwanza lilipangwa kwa majina ya mikao. Kila mkao na kadi yake, mchoro juu, maelezo chini. Zilipendeza, na hazikusomwa.

Sababu iko kwenye fomu ya daktari. Mara nyingi haitaji mkao. Imeandikwa "kivuli nyuma, upande wa nje, kinaonekana CC tu", na mtaalamu ndiye anayetakiwa kujua pa kuanzia. Kadi iliyopangwa kwa majina inamsaidia yule ambaye tayari ana jibu. Mbaya zaidi, pale fomu ilipotaja mkao ambao haukulingana na kivuli, kadi ilifuatwa kwa utiifu na picha ikatoka patupu.

Tukazigeuza. Sasa kila kadi inaanza na swali: Je, hiki ni kitu kweli au ni tishu zimepandana? Kiko juu au chini, ndani au nje? Kingo zake zikoje, na vichembe vya chokaa (kalsiamu iliyoganda kwenye tishu) vina sura gani? Kiko ndani ya titi au kwenye ngozi? Kimekatwa na ukingo wa picha? Mkao unakuja baada ya swali, na chini yake mstari mmoja unaosema picha ikifaulu itaonyesha nini. Mstari huo ulileta ubishi kuliko kitu kingine chochote, na naona ndio wenye thamani. Mtu akishindwa kusema picha itajibu nini, asimbane mtu.

Gharama: kadi zote za mwanzo, zilizokwisha kufungwa kwenye plastiki, zilitupwa. Michoro tuliiokoa.

Machi 5: Kubana sehemu ndogo

Hapa tulikaa muda mrefu, na sijutii. Picha ya kubana sehemu ndogo hutumia kibanio kidogo kinachokandamiza eneo moja tu, ili tishu zilizopandana zitawanyike. Kivuli kikiyeyuka, huenda zilikuwa tishu tu. Kikibaki na kingo zake, ni kitu. Lakini lazima kibanio kiangukie penyewe, na huko ndiko picha zetu nyingi zilikokuwa zikipotelea.

Vipimo ni vitatu. Viwili ni kutoka kwenye chuchu: kina kwenda nyuma, na umbali wa kwenda ndani au nje ikiwa ni CC, juu au chini ikiwa ni ya upande. Cha tatu ni umbali wa kivuli hadi ngozi iliyo karibu. Kwenye karatasi ni hesabu ya shule ya msingi, lakini kwenye mwili inakataa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kupima kwa vidole. "Vidole vitatu kutoka kwenye chuchu" ni kipimo cha vidole vya nani? Tukaweka rula inayofutika kwa dawa, na vipimo vikaanza kuandikwa kwa sentimita kwenye karatasi ndogo inayoingia chumbani pamoja na mgonjwa. Namba zikabaki haziaminiki. Baadhi ya watu walikuwa wanaweka rula juu ya skrini, picha ikiwa imekuzwa. Sasa tunatumia kipimo cha programu yenyewe, rula ni ya mwilini tu.

Tatizo la pili lilikuwa la ndani zaidi. Vipimo vinatoka kwenye titi lililobanwa, lililotandazwa, halafu vinahamishiwa kwenye titi linaloning'inia. Sentimita 6 kwenye picha si sentimita 6 kwenye titi lililolegea. Kilichofaulu ni hiki: titi linawekwa kwanza kama lilivyokuwa kwenye picha ya mwanzo, chuchu ikiangalia mbele, mkunjo wa chini umeinuliwa, kisha linabanwa kwa kiganja kilichonyooka kana kwamba kiganja ndicho kibanio. Hapo ndipo rula inawekwa na alama ya kalamu inayooshwa inachorwa. Kiganja kinaondoka taratibu, kibanio kinashuka, na alama lazima ionekane katikati ya kibanio kabla ya kugusa kitufe. Ikiwa imekimbia, unaachia na kuanza upya. Kuachia na kuanza upya hakuna mionzi.

Angalizo moja lilitugharimu ubishi wa wiki nzima. Ikiwa chuchu kwenye picha ya mwanzo iligeukia upande, vipimo vyote vinapinda nayo. Kadi sasa inasema angalia chuchu kabla ya kupima. Kama imegeuka, titi litageuzwa vilevile siku ya kubana.

Kuhusu ukubwa wa eneo la mwale, wengine wanalifinya hadi kwenye kibanio tu. Sisi tunaliacha wazi kwenye picha isiyokuzwa, kwa sababu daktari anataka kuona chuchu na tishu za jirani ili ajue yuko wapi. Na kuhusu kibanio chenyewe, kidogo sana hubana vizuri lakini hukosea kirahisi. Kwa kivuli kisicho na kingo tunaanza na cha kati.

Machi 19: Upande kamili, nyuzi 90

Swali: kiko wapi kwa urefu? Mkao ni wa upande kamili, na upo wa namna mbili. Kwenye ML mwale unaingia kutoka ndani, karibu na mfupa wa kifua, ditekta (bamba linalopokea picha) ikiwa upande wa nje. Kwenye LM ni kinyume chake. Kanuni ni kuweka kitu karibu na ditekta, kwa sababu kilicho karibu kinatoka na kingo kali zaidi. Kivuli kikiwa upande wa nje ni ML, kikiwa upande wa ndani ni LM. Chumbani watu walikuwa wanapiga ML kwa kila kitu kwa mazoea tu.

LM ina ugumu wake. Mfupa wa kifua unakaa kwenye ukingo wa ditekta, kidevu kinainuliwa, mkono wa upande huo unapita juu ya ditekta, na mwanamke anajiona kama amekumbatia mashine. Akielezwa mapema, anakaa. Akisukumwa bila maelezo anarudi nyuma sentimita mbili, na sentimita hizo mbili ndizo zenye kivuli. Maneno tuliyoyaandika kwenye kadi ni haya: "Mama, utasogea mpaka mfupa wa katikati ya kifua uguse hapa, kisha utainua kidevu. Mimi niko nyuma yako." Kwenye ML kikwazo ni titi la pili linaloingia njiani, kwa hiyo mwanamke analivuta kando kwa mkono wake.

Kisha kuna suala la kusoma mahali. Ukilinganisha MLO na upande kamili, kitu kilicho upande wa nje kinashuka kwenye picha ya upande, kilicho upande wa ndani kinapanda, cha katikati hakihami sana. Timu ilikuwa inakariri hili na kuligeuza. Ufumbuzi ulikuwa boksi dogo la plastiki angavu lililojazwa gelatini, shanga moja nyekundu upande wa "nje" na moja nyeusi upande wa "ndani", zote urefu mmoja, tochi ya simu na karatasi nyeupe. Tochi na karatasi zikielekezwa mshazari, kivuli cha shanga ya nje kinakaa juu ya kile cha ndani. Zikilazwa sawa, vivuli vinakutana kwenye mstari mmoja. Ukiishikilia tochi kwa mkono wako na kuona shanga ya nje ikishuka, huhitaji kukariri tena. Boksi bado liko dirishani.

Nyongeza kwenye kadi hii ni chokaa inayotulia ndani ya vifuko vidogo vya maji. Kwenye CC inaonekana kama madoa ya mviringo yenye ukungu. Kwenye upande kamili inalala chini ya kifuko na kutoa umbo la mwezi mchanga au mstari bapa. Kwa kuwa inatulia kwa uzito wake, tunamwacha mwanamke akae wima dakika kadhaa kabla ya kupiga. Aliyetoka kulala kwenye kitanda cha altrasaundi apigwe baadaye.

Aprili 2: Kuviringisha

Kivuli kinaonekana CC tu, hakipo MLO. Ni kitu au ni mpandano? Titi linawekwa kama CC, kisha sehemu ya juu inaviringishwa kuelekea nje, RL, au kuelekea ndani, RM, sehemu ya chini ikienda kinyume. Mpandano unavunjika. Kitu halisi kinabaki na kinahama. Kikifuata mwelekeo wa sehemu ya juu, kiko nusu ya juu ya titi. Kikienda kinyume, kiko chini.

Kilichoshindikana ni mikono. Titi linaviringishwa vizuri, kibanio kinashuka, mkono unachomolewa upesi na titi linarudi palepale lilipokuwa. Picha inatoka sawa na ya kwanza na kila mtu anasema kivuli ni halisi. Dawa ni vidole vya juu kulala bapa na kutoka wa mwisho kabisa, vikiteleza kuelekea upande ulioviringishwa, kibanio kikiwa kimeshaanza kushika. Kwa titi gumu lisilokubali kuviringika, tumeandika njia mbadala: liache lilivyo, geuza mkono wa mashine nyuzi 10 hadi 15. Pembe ikibadilika, mpandano unabadilika.

Na herufi. Picha iliyoviringishwa bila herufi zake haina mwelekeo, na picha isiyo na mwelekeo inaweza kumpeleka daktari nusu isiyo yake. Herufi zinawekwa kabla mwanamke hajaingia.

Aprili 23: Kukuza

Kwa vichembe vya chokaa, titi linawekwa juu ya jukwaa lililoinuka kutoka kwenye ditekta, na picha inakuzwa mara 1.5 hadi 2. Chanzo cha mwale kinabadilishwa kuwa kidogo, takriban milimita 0.1 badala ya 0.3, na gridi, wavu unaochuja mionzi iliyotawanyika, inaondolewa kwa sababu nafasi ya hewa kati ya titi na ditekta inafanya kazi yake. Chanzo kidogo hakibebi mkondo mkubwa, hivyo picha inachukua muda mrefu zaidi. Na chokaa ya ukubwa wa punje ya unga haivumilii kutikisika hata kidogo.

Agizo letu la zamani lilikuwa "vuta pumzi, shikilia". Kifua kinapanda, titi linavutwa kutoka chini ya kibanio, picha inaharibika kabla haijapigwa. Sasa ni "tulia, usipumue", bila kuvuta chochote. Mabadiliko hayo peke yake yalisaidia kuliko mengine yote kwenye kadi hii.

Kisha tukagundua mtikisiko unatoka miguuni. Mwanamke amesimama kwa vidole, ameng'ang'ania mpini wa mashine, bega linatetemeka. Tulimleta kwenye kiti chenye breki kinachopanda na kushuka, nyayo zote sakafuni, mkono ukipumzika kwenye mpini bila kuukamata. Gharama ni muda: miadi ya picha za kukuza imerefushwa, na mpangaji wa ratiba hajafurahi.

Jambo la kwapa: dawa za kuzuia jasho zenye chumvi za alumini hutokea kwenye picha kama vichembe vya chokaa. Kitambaa chenye maji kabla ya kupiga kinaepusha picha nzima ya ziada.

Mei 7: Kilichokatwa na ukingo

Kivuli nyuma kabisa upande wa nje kinahitaji XCCL, yaani CC iliyosogezwa nje. Kosa lililokuwa likijirudia ni kuvuta titi kwa mikono huku mwili umebaki palepale. Ngozi inakuja, tishu za nyuma hazijaja, na bega linagongana na kibanio. Kadi sasa inaanza miguuni: geuza nyayo, kisha nyonga, kisha kifua, halafu mwanamke anaegemea nyuma kidogo upande wa nje na kulegeza bega. Bega likikataa, mkono wa mashine unainamishwa nyuzi 5 hivi kuelekea nje. Chuchu haitakuwa katikati ya picha, na hilo si kasoro.

Tangu kadi hii, nimeanza kusisitiza miguu kwenye kadi zote. Titi halina pa kwenda ikiwa nyonga zimeangalia kwingine.

Kivuli cha ndani kabisa, karibu na mfupa wa kifua, kina mkao wake, CV: matiti yote mawili juu ya ditekta, nafasi ya katikati ikiwa ndani ya picha. Mtego ni kihisi cha mashine kinachoamua kiasi cha mionzi. Kikikaa chini ya nafasi tupu kati ya matiti, kinaona hewa na kukata mapema, picha inatoka na mionzi pungufu. Ama unasogeza ili kihisi kiwe chini ya titi linalochunguzwa, ama unaweka viwango kwa mkono.

Mei 28: Ngozi

Chokaa ya kwenye ngozi haina madhara, lakini lazima ithibitishwe. Titi linabanwa kwa kibanio chenye dirisha lenye herufi na namba, picha inapigwa, mahali panasomwa, kitone cha madini ya risasi kinabandikwa kwenye ngozi, kisha mashine na titi vinageuzwa mpaka mwale upite ukingoni mwa kitone. Chokaa ikikaa ndani ya ngozi, swali limekwisha.

Tulikwama mahali pa kipuuzi. Mashine huachia kibanio yenyewe baada ya kila picha. Kibanio kikishaachia, namba za dirishani hazina maana. Kuzima kuachia kwa otomatiki sasa ni mstari wa kwanza wa kadi, kwa wino mwekundu. Na kwa kuwa mwanamke anabaki amebanwa wakati picha inasomwa, msomaji anaitwa kwenye skrini kabla ya kubana.

Juni 11: Miili isiyofuata kadi

Mgongo uliopinda sana mbele unazuia kichwa na kifua kwenye CC. Mkao wa kutoka chini, FB, mashine ikiwa imepinduliwa, unafika mahali ambapo CC haifiki, na unasaidia pia kwa kitu kilicho juu kabisa ya titi. Kifua kilichobonyea katikati au betri ya moyo chini ya ngozi: mshazari wa kinyume, LMO. Anayekuja na kiti cha magurudumu, ondoa sehemu za kuegemeza mikono kabla ya kumsogeza, usije ukagundua katikati ya kazi.

Kwa matiti yenye vipandikizi tunafuata njia ya daktari Eklund ya mwaka 1988: kipandikizi kinasukumwa nyuma kwenye ukuta wa kifua, tishu zinavutwa mbele na kubanwa peke yake. Pale kipandikizi kilipogandamana na hakisogei, tusilazimishe. Upande kamili unaongezwa badala yake.

Kadi hii ni fupi kwa makusudi. Tulijaribu kuandika kila hali, ikawa kitabu.

Juni 25: Zilizobaki

Tomosinthesisi, inayopiga titi vipande vyembamba, imepunguza maswali ya mpandano, kwa hiyo kadi ya kuviringisha inatumika kidogo kuliko tulivyodhani. Hatuiondoi, kuna mashine zisizo na uwezo huo. Kadi ya kukuza haijaguswa na mabadiliko hayo.

Mazoezi yanaendelea baada ya saa za kazi, wenzetu wakiwa na nguo zao na mashine ikiwa haina ruhusa ya kupiga. Hakuna mtu anayepigwa mionzi ili mwingine ajifunze. Mchoro wa LM unachorwa upya kwa kuangaliwa kutoka nyuma ya mgonjwa, kwa sababu ndiko anakosimama anayeusoma. Ukikamilika, utaingia hapa pamoja na vipimo vya kiti.